Yadi Nane za Lachlan

Jumatatu, 19 Novemba 2018

Baridi kali, lakini kavu. Boila inafanya kazi. Nimemwaga chumvi getini na kwenye vidato vya mlango wa jikoni kabla watoto hawajafika.

Siku ya kwanza kazini tangu wanipasue mishipa ya mguu. Muuguzi alisema nivae nguo inayolegea, isisugue nyuzi. Suruali zangu zote zinasugua. Kilichobaki kabatini ni kilti, vazi la marinda la wanaume wa Uskoti – ile niliyoivaa mara ya mwisho tulipomzika kaka Lachlan, mwaka juzi. Basi nimeivaa, na jaketi la kazi juu yake, na funguo za shule zikining'inia kiunoni. Sikupendeza. Ila mguu umetulia.

Watoto! Kwanza mpira ukasimama uwanja mzima. Halafu kijana mmoja wa darasa la pili akapaza sauti: Mzee Struan kavaa sketi ya dada yake! Nikamwambia dada sina. Akasema basi ni ya mama. Nikamwambia mama alikuwa mfupi. Akafikiri kidogo. "Basi umenunua mwenyewe," akasema, akaenda kucheza mpira.

Kufikia mapumziko nilikuwa na mkia wa watoto nyuma yangu. Husikii baridi magotini? (Nasikia.) Ukienda chooni unafanyaje? (Haraka kuliko wewe.) Ndani umevaa nini? Hili aliuliza Finlay wa darasa la tano, na wenzake wakaziba midomo kwa mikono. Nikamjibu: nimevaa nyuzi za hospitali, nikuonyeshe? Hakutaka.

Kisha Kirsty akauliza kama wasichana nao huvaa. Nilikuwa natafuta ufunguo wa stoo. Nikajibu bila kufikiri – wakiwa kwenye mashindano ya dansi, ndiyo, lakini kilti yenyewe, ya familia, baba humwachia mtoto wake wa kiume. Ndivyo tulivyokuta.

Nilipogeuka, Morven alikuwa nyuma ya Kirsty. Morven, binti ya marehemu kaka. Ana miaka tisa. Hakunisalimia. Kaondoka.

Aibu, labda. Kuwa na baba mdogo anayefagia shule yenu ni jambo moja. Kuwa naye magoti wazi ni jambo jingine.


Jumanne, 20 Novemba 2018

Mwalimu Mkuu, Bi. Geddes, kaniita ofisini. Nikadhani nafukuzwa. Kumbe: "Struan, kilti nimeikubali. Ngazi nimeikataa. Mpaka suruali irudi, taa ikiungua na iungue."

Darasa la kwanza wanataka kushika. Nimewaacha washike upindo tu, mmoja mmoja, kwa foleni. Binti mmoja kaupima kwa mikono miwili akasema ni mzito kama mbwa wao. Mwingine amejipa kazi ya kuhesabu marinda nyuma yangu nikiwa napiga deki. Nikisogea, anapoteza hesabu. "Wewe! Usitembee!" Nimepiga deki sehemu moja hadi sakafu ikang'aa.

Siku zote hawa watoto hunipita kama wanavyopita nguzo. Leo nimejua majina mengi kuliko niliyoyajua kwa mwaka mzima.


Alhamisi, 22 Novemba 2018

Mvua. Ukumbini wameanza kujifunza dansi za Krismasi, kama kila mwaka. Kama kila mwaka, wavulana wa darasa la tano wamevuta mikono ya sweta ikafunika vidole, ili wasiguse mkono wa msichana. Wasichana nao wamefanya vilevile. Ukitazama kwa mbali utadhani wote wamekatika viganja.

Nilikuwa napanga viti. Mwalimu Baird akasema kuna mchezaji mmoja amepungua, nije. Nikasema mguu. Akasema raundi moja tu. Basi nikaingia. Tulipofika pale pa kuzunguka, marinda yakafunguka. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Tena! Zungusha tena! Nikazungusha. Mguu umelia, mimi nimecheka kama mjinga.

Baada ya hapo Finlay kafunga jaketi lake kiunoni ili naye azunguke. Halikufunguka – lilimpiga tu mapajani. Kanifuata mpaka stoo. Kwa nini yako inafunguka? Nikamwambia ni kwa sababu ya kitambaa, kipo kingi. Kingi kiasi gani? Yadi nane. Hakuamini. Akanizunguka kuangalia nimezificha wapi.

Morven alikaa kwenye benchi. Kasema tumbo linamuuma. Mwalimu Baird ameninong'oneza kwamba kila kipindi cha dansi tumbo la Morven linauma.


Jumatatu, 26 Novemba 2018

Jambo limewaka. Leo watoto wengi wamekuja na kilti! Za kaka zao, za makabati ya babu, za duka la mitumba karibu na stesheni. Moja imeliwa na nondo hadi unaona upande wa pili. Wawili wamefungia ubavu usio wake. Nimesimama getini nikiwafungua na kuwafunga upya kama muuza nguo.

Saa nne, balaa. Mama yake Finlay, kwa kuogopa upepo usimfedheheshe mwanawe, aliichomeka ile pini kubwa ya mbele, kilti inapojifunika, ikapita kitambaa cha juu na cha chini. Kabana kabisa, kama bahasha. Finlay kapewa pasi, kapanua miguu kukimbia – chwaaa! Imechanika kutoka kwenye pini hadi ukingoni. Ya babu yake.

Hakulia kwa ajili ya tundu. Alilia akisema, nani atamwambia babu?

Nimempeleka chumba cha boila, nikamfunga taulo, nikashona. Mshono wangu si wa fundi, ila utashika. Wenzake wakajazana mlangoni. Nikawaeleza: pini hupita kitambaa cha juu tu. Si kufuli. Kazi yake ni uzito, upepo ukija ukutane na kitu. Ukivishika vitambaa vyote viwili pamoja, umejifunga miguu mwenyewe. Wakaanza kukaguana pini palepale, kwa sauti za kipolisi.

Kengele ikalia, wakatawanyika. Morven kabaki mlangoni.

"Baba Mdogo. Baba alikuwa anaweka wapi pini yake?"

Nikamwonyesha kwenye yangu.

"Hapana," akasema. "Chini zaidi. Nakumbuka. Ilikuwa inanikwaruza hapa akinibeba." Akajigusa juu ya goti. Akaenda darasani.

Nilikaa pale na sindano mkononi. Sikumbuki nilikuwa nimalizie nini.


Ijumaa, 30 Novemba 2018

Sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti. Boila imezima mara mbili. Bendera imekwama kwenye mlingoti na ngazi nimekatazwa. Mguu unawasha – dalili nzuri, wanasema.


Jumapili, 2 Desemba 2018

Chakula cha mchana kwa shemeji Ishbel, mjane wa Lachlan. Niandike yote kabla hayajabadilika kichwani.

Ishbel alipika nyama ya kusaga na viazi vya kuponda. Tulikuwa wanne: yeye, Morven, mdogo wake Ruaridh wa miaka mitatu, na mimi. Ruaridh alikuwa akijaribu kuingiza njegere puani. Siku nzuri tu. Halafu Morven akaweka uma chini.

"Mama, nataka kuvaa kilti ya baba siku ya dansi."

Ishbel kacheka kidogo. Kasema itamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Ikatwe."

Kicheko kikaisha. Ishbel akasema taratibu kwamba kilti ya baba haikatwi, inatunzwa, ni ya Ruaridh akikua.

"Ruaridh anakula kwa pua!"

"Atakua, Morven."

"Hata sura ya baba haijui. Muulize! Ruaridh, baba yuko wapi? Baba?"

Mtoto akatutazama mmoja mmoja. Akanyoosha kidole chenye viazi. Akaninyooshea mimi.

Ishbel kainuka, kaenda jikoni, kafungua bomba. Hakuna alichokuwa anaosha.

Morven akanigeukia. Akaniambia, wewe ndiye uliyesema. Mbele ya watu wote. Kwamba baba humwachia mtoto wa kiume. Mimi ndiye nilikuwa napanda mabegani mwake, mimi ndiye najua alikuwa anaweka pini wapi – halafu apewe huyu?

Ningeweza kusema nilikuwa natafuta ufunguo. Sikusema.

Nikamfuata Ishbel. Hakugeuka. "Shemeji, umeniletea nini nyumbani kwangu? Wewe na magoti yako."

Nikaomba radhi. Nikasema ni kweli kilti ni ya Ruaridh, nitazungumza na mtoto. Akatikisa kichwa. Akasema Ruaridh ni kisingizio. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Ile kilti iko kwenye mfuko wake kabatini, haijafuliwa. Bado ina umbo. Mikanda ina mikunjo pale Lachlan alipofungia, kitako kimejipinda alivyokuwa anakaa. Siku nyingine anafungua zipu ya mfuko, anaingiza mkono tu, anafunga.

"Ikikatwa, nitaingiza mkono wapi?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mvua ilinyesha njia nzima na sikufungua mwavuli.


Jumatatu, 3 Desemba 2018

Usingizi wa vipande. Asubuhi likanijia jambo, nikaona nimepata dawa. Kilti yangu na ya Lachlan zilitoka kwenye jora moja. Baba alitushoneshea pamoja, mimi nikiwa na miaka ishirini, Lachlan ishirini na miwili. Kitambaa kilekile, miraba ileile, fundi yuleyule, Bibi Tulloch wa kule nyuma ya kanisa. Basi ikatwe yangu! Morven apate, ya Lachlan ibaki kwenye mfuko wake. Sina mtoto. Ningemwachia nani?

Nimempigia Ishbel. Akasema Mungu akubariki, shemeji. Nikasikia anapumua.

Nikamtafuta Morven mapumzikoni, nikamwambia. Nilitegemea angeruka. Akashika upindo wa kilti yangu, akaugeuza, akaunusa. Mbele ya wenzake wote.

"Hii inanuka shule," akasema. Kisha, kwa adabu, kama anayekataa chai: "Asante, Baba Mdogo. Lakini hii ni yako."

Dawa yangu ikaishia hapo.


Jumatano, 5 Desemba 2018

Jana nimetolewa nyuzi. Leo nimevaa suruali. Kosa! Darasa la kwanza wamenipokea getini kama nimewaibia. Iko wapi? Umeiuza? Yule mhesabu marinda akasema alikuwa amebakiza machache tu. Mmoja kakataa kuvua koti mpaka nieleze. Bi. Geddes kacheka dirishani. Nimeenda nyumbani saa sita, nimerudi na kilti. Ngazi imekatazwa tena.

Dansi inaendelea. Sweta zimepanda, vidole vinaonekana. Morven kacheza leo raundi mbili, bila kuzunguka. Pale pa kuzunguka anasimama, anangoja wenzake wamalize, anaendelea.

Jioni Ishbel kapiga simu. Hakuniamkia. "Mpeleke Morven kwa Bibi Tulloch Jumamosi. Na mimi nitakuja. Nitaibeba. Aiangalie tu, shemeji. Kuangalia si kukata."

Nikasema kweli, kuangalia si kukata.

"Usinikubalie haraka hivyo," akasema, akakata simu.


Jumamosi, 8 Desemba 2018

Naandika kwenye korido ya Bibi Tulloch, kwa penseli, Ruaridh amelala mapajani mwangu. Mlango wa chumba cha kushonea umefungwa. Wao watatu wako ndani.

Nianze mwanzo. Tumefika saa nne. Bibi Tulloch ameacha kushona siku nyingi, macho, lakini meza yake bado ipo. Ishbel kabeba ule mfuko kwa mikono miwili kama sinia. Kauweka mezani. Hakufungua. Tukanywa chai kwanza. Bibi akaniambia nimenenepa, na kwamba bizimu zangu zinaomba msamaha. Morven kacheka. Nikashukuru kwa hilo.

Hatimaye Ishbel kavuta zipu. Harufu ikatoka – moshi wa kuni, mvua, yeye. Nikatazama dirishani.

Bibi Tulloch hakuigusa mara moja. Akaiangalia ilivyokaa. Akasema, huyu alikuwa anakalia upande wa kushoto. Ishbel akasema ndiyo, kwa ajili ya mgongo. Kisha Bibi akaigeuza ndani nje, akapapasa bitana kwa vidole, akauliza inataka kuwa nini.

Morven akasema, yangu. Ishbel akasema, ya Ruaridh. Kwa pamoja.

Bibi akasema atatueleza anachokiona, sisi tuamue, yeye si mchungaji. Akavuta taa. Kilti, akasema, haishonwi kwa mwanamume yeyote, hushonwa kwa nyonga za mtu mmoja. Nilipoishona hii nilikata ndani, huku juu, kwenye marinda, nikatoa kitambaa ili isivimbe mgongoni. Kwa hiyo haipanuki tena. Ruaridh akitoka mwembamba kama baba yake, ataivaa. Akitoka na mwili wa wajomba zake – akamtazama Ishbel, na kaka zake Ishbel wote tunawajua, hawapiti mlangoni – itabaki kwenye mfuko mpaka nondo waipate.

"Na akikatiwa mtoto?" Ishbel kauliza.

Mtoto hukatiwa kutoka juu, Bibi akasema. Ukingo wa chini hauguswi, umefumwa hivyo, hautatuki. Kinachotoka ni huku juu, sehemu nilizokwisha kuzikata. Kinachobaki ni kitambaa kizima. "Lakini nikikata, nimekata. Mwanamume hataivaa tena. Na kabla ya kukata lazima nifumue marinda yote. Umbo lake litaondoka, mama. Hilo siwezi kukutunzia."

Alilijua, bila kuambiwa.

Nilidhani Morven atalia, ataomba. Alisimama tu, mikono nyuma.

Kisha Ishbel akanyoosha mkono akaomba kile kiwembe cha kufumulia. Si ili Bibi Tulloch afanye. Afanye yeye mwenyewe. Akaketi karibu na taa, akatafuta uzi wa kwanza, akaukata. Akauvuta. Ukatoka mrefu. Akakata wa pili. Morven akasogeza kiti, akaanza kuokota nyuzi na kuziweka kwenye sahani ya chai. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Kama saa nzima hivi. Rinda moja likilegea, Ishbel anasimama, analilaza, analipapasa, anaendelea.

Lilipolegea la mwisho tukashika ncha, mimi na Morven, tukakitandaza kitambaa. Hakikutosha mezani. Hakikutosha chumbani! Kimetoka mlangoni kikaja koridoni mpaka karibu na viatu. Nje ya marinda rangi imefifia, imepigwa jua miaka yote hiyo. Ndani yake – kijani kibichi, nyekundu kama jana. Mistari myembamba na mipana, rinda baada ya rinda, sehemu ambazo hata Lachlan hakuwahi kuziona. Ishbel alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye ile rangi mpya. Hakulia. Akasema tu, "Kumbe kulikuwa na chote hiki."

Ruaridh alikimbia juu yake na soksi, mwanzo hadi mwisho na kurudi. Hakuna aliyemkataza. Alipochoka akalala palepale, nikambeba nikaja naye huku. Wao wakavuta kitambaa ndani, wakafunga mlango, baridi isiingie.

Bibi Tulloch ameshachukua chaki. Mkasi nimeuona – mkubwa, mweusi, upo mezani karibu na sahani ya nyuzi. Ishbel hajasema ndiyo. Hajasema hapana. Niliposimama kutoka alikuwa ameufunika kwa leso yake.

Sasa wanapima. Nasikia tepu ikivutwa. Nasikia Bibi akisema kiuno mpaka katikati ya goti, simama wima mtoto. Akataja namba. Kisha Bibi tena, safari hii kwa ukali kidogo:

"Wewe binti, kiuno chako si mbavuni! Shusha tepu."

Morven anajibu kitu, chini chini, sikisikii. Bibi anarudia: shusha, ukipandisha hivyo itakuwa ndefu, itakufika chini ya goti, watakucheka.

"Lakini ukipima kutoka hapa," – hili nimelisikia, kalisema kwa nguvu – "utakata kidogo tu!"

Ruaridh kajigeuza mapajani. Sijasikia mkasi.

Nasikia sauti ya Ishbel.

"Bibi, usiishushe. Weka alama hapo hapo alipoishika."